Fagio za Jumamosi

Jumatatu, 2 Juni 1975

Wewe uliyefungua daftari hili, lifunge. Kama jicho lako limeshashuka mpaka hapa, basi nakusihi kwa jina la mama yako: usimwambie mtu hata neno moja. Si jirani, si Chama, si ofisi. Si baba yangu. Sina cheo wala ndugu mkubwa serikalini. Nina mshahara mdogo, na wadogo zangu wanasoma kwa mshahara huo.

Naandika Kiswahili tulichofundishwa na masista. Kifaransa kinanichosha mchana kutwa.

Leo. Asubuhi animasyo kama kawaida: wafanyakazi wote uani, tunaimba na kukichezea Chama ngoma, pumzi zinatoka moshi kwa baridi. Kisha kuchapa stensili za kunakili barua na matangazo, kazi yangu hapa ofisi ya biashara. Vidole vyeusi mpaka kwenye kucha. Mafunzo ya wafanyabiashara wadogo yamefunguliwa rasmi. Mkurugenzi alitoa hotuba ndefu mbele ya viti vitupu. Viti hivyo vina wenyewe kwenye karatasi: ni wale waliopewa na serikali maduka yaliyonyang'anywa wageni mwaka juzi, na mashemeji zao. Watu hao hawana muda wa kusoma. Walikaa wanne. Mmoja alilala.

Wanawake wa sokoni walikuja wamevaa vitenge vya sherehe. Mlinzi aliwarudisha getini. Eti nafasi zimejaa, na mafunzo ni ya Kifaransa. Nafasi zimejaa! Nilikuwa naviona viti kwa mlango wa darasa, vinang'aa kwa nta.

Wao ndio wenye haja. Amri mpya inasema kila mwenye meza sokoni awe na cheti mwisho wa mwezi huu. Asiyefaulu mtihani, meza yake atapewa mwingine.

Mmoja wao, mama mnene anayeuza samaki wakavu wa Kilwa, ile ya kwetu ziwani, alinitazama moja kwa moja kupitia dirishani. Niliinamia mashine. Nikagonga herufi zisizo na maana.

Mimi ni mwoga. Nimeliandika. Basi.

Jumanne, 3 Juni

Amerudi yule mama. Anaitwa Mama Zaina. Watu wake walitoka Maniema zamani, wafanyabiashara watupu, Waislamu. Alisimama barabarani, chini ya dirisha langu, kikapu kichwani kama mtu anayepumzika tu.

"Mademoiselle!"

Neno hilo la Kifaransa, la kumwita binti, limekatazwa. Siku hizi kila mtu ni citoyen au citoyenne, yaani mwananchi. Analitumia makusudi, tena kwa sauti.

"Mademoiselle ya bamasista! Ile karatasi ku mulango inasema nini? Shiye macho tuko nayo, Kifaransa njo hatuna."

Nilimwomba apunguze sauti. Akaipandisha. Ili aondoke, nilimsomea tangazo kwa Kiswahili, haraka haraka. Nalijua kwa moyo, nililichapa mwenyewe. Mafunzo ni ya walioandikishwa. Lakini mtihani, tangazo linasema, uko wazi kwa kila mwenye meza sokoni. Kila mwenye meza. Hakuna neno kuhusu lugha.

Aliweka kikapu sawa kichwani. Kisha: "Basi we utatufundisha."

Nilisema hapana. Nilisema nitafukuzwa kazi. Nilisema mambo mengine mengi, yote ya kweli.

"Uko na woga," alisema, bila ubaya, kama mtu anayesema una mafua.

Alhamisi, 5 Juni

Nimechapa amri mpya ya Mkurugenzi. Mtu wa nje haruhusiwi kuingia uani isipokuwa kwa kazi ya taifa. Ni kwa ajili ya wanawake wa sokoni. Tangu Jumatatu wanakuja kila siku na kusimama getini, wanasimama tu.

Niliibandika mwenyewe mlangoni. Mama Zaina aliomba nimsomee na hii. Nikamsomea nikiwa nimempa mgongo. Alirudia maneno ya mwisho polepole. Kazi ya taifa. Akacheka mpaka kikapu kikayumba. Sikuelewa anacheka nini.

Nyumbani Baba aliniuliza mbona sili. Alifanya kazi ya reli miaka yote, amejifunza kutoona. Aliniita Sesilia, jina langu la ubatizo, kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Nje, ambako majina ya Kikristo yamekatazwa, mimi ni Ngoie tu. "Fanya kazi yako, rudi nyumbani." Ndiyo, Baba.

Jumamosi, 7 Juni

Salongo.

Kila Jumamosi watu wote wanalazimika kufanya kazi ya mikono kwa ajili ya taifa. Sisi wa ofisi tunafagia uani. Tunafagia vibaya, kila mmoja anamwachia mwenzake. Leo tumeanza tu, geti likapigwa. Wanawake wa sokoni. Safu nzima, kila mmoja na ufagio wake, wanaimba wimbo wa Chama kwa nguvu kuliko sisi wote pamoja.

Mlinzi alisimama mdomo wazi.

Mama Zaina alimwambia, na kila mtu akasikia: "Tunakuya kufanya salongo. Banatukatala kusoma, iko muzuri. We utatukatala kufagia? Andika jina yako, tupeleke ku Chama: huyu papa anakatala salongo."

Geti likafunguka.

Mkurugenzi alitokea barazani na kikombe chake. Alipenda alichokiona. Alipunga mkono. Wanawake wakafagia kama mashetani, vumbi likapanda mpaka hatukuonana. Nyuma ya tangi la maji Mama Zaina alilainisha sehemu ya mchanga kwa ufagio, akanipa kijiti.

"Andika, mademoiselle."

Wanawake saba walikuwa wameniinamia kwa fagio zao, wanajifanya wanafagia. Niliandika mchangani: NYUMBA. Nikachora mstari. Upande wa pili: MEZA. Nikasema bila kuchezesha midomo: pesa ya nyumba na pesa ya meza zisilale kwenye kitambaa kimoja. Mtoto akiugua, unatoa wapi? Samaki wakioza, unatoa wapi? Mama mmoja, Mama Kabedi, muuza unga, akasema yeye hufunga zote kwenye kona ya kitenge. Wengine wakacheka, maana wote hufanya hivyo.

Kisha ufagio ukapita. Hakuna maandishi. Mchanga safi.

Nimefika nyumbani nikaomba chakula. Nikala vizuri.

Jumatano, 11 Juni

Siku nne nimengojea kukamatwa. Hakuna aliyekuja. Bombani wanawake waliacha kuongea nilipofika na ndoo, au nimeota. Mume wa jirani yetu ana kazi isiyojulikana na viatu vizuri; wanasema hupeleka habari za watu serikalini. Leo alinisalimia. Kwa nini anisalimie?

Mwalimu wa mafunzo anaendelea. Ana vijana wawili na shemeji wa mtu. Si mtu mbaya. Alinikuta nanakili masomo yake pembeni ya karatasi, akanitazama, akaenda kuchungulia dirishani kwa muda mrefu. Aliporudi aliacha kitabu chake mezani kwangu, akasema atakichukua Jumatatu.

Nimeogopa kukigusa. Nimekigusa.

Jumamosi, 14 Juni

Leo walikuja wengi zaidi. Wamegawana uwanja. Kundi la mbele linaimba na kutimua vumbi, kundi la nyuma ya tangi linasoma, kisha wanabadilishana. Sikuwapangia mimi. Ndivyo wanavyopokezana wakipakua lori la samaki.

Somo: matabishi. Ni kile kiganja cha juu. Muuzaji akishapima unga kwenye meka, lile bakuli la sokoni, huongeza kiganja kimoja cha bure. Bila hicho mteja anakwenda meza ya pili, na anakusema. Kitabu cha mwalimu kinasema kwa kifupi: zawadi kwa mteja ni hasara, iondolewe.

Nilipowatafsiria, walinitazama kana kwamba nimesema waache kuvaa nguo.

Tulibishana kwa kunong'ona, fagio zinakwenda. Mwisho nilisema jambo langu mwenyewe, halikutoka kitabuni. Kila ukitoa matabishi, tupa kokoto moja kwenye kopo. Gunia likiisha, tazama kopo. Kisha panga bei ukijua kopo linasema nini.

Mama Kabedi alisema kopo lake litajaa asubuhi hiyohiyo, maana mkono wake ni mkubwa. Mama Zaina: "Mukono ya Kabedi inaweza kuzika muntu." Tulicheka kwa sauti. Mimi pia. Mkurugenzi aligeuka barazani. Wote tukaanza wimbo wa Chama palepale, katikati ya kicheko, na hakuna aliyekosea neno.

Alhamisi, 19 Juni

Mkubwa wa wilaya alipita kukagua usafi wa salongo. Alisema uwanja wetu ni safi kuliko viwanja vyote alivyoviona, akampa Mkurugenzi mkono mbele ya watu. Mkurugenzi ametembea siku nzima kifua mbele.

Jioni aliniita. Alifunga mlango.

"Citoyenne Ngoie. Mie siko mujinga. Ufagio haina alfabeti, lakini nyuma ya tangi banasoma."

Alisema hawezi kuzuia salongo. Sasa anasifiwa kwayo. Lakini siku ya mtihani, mimi ndiye nitakayesoma majina, na nitasoma yale yaliyo kwenye karatasi yake peke yake. Wengine wabaki barabarani. "Hapo utakuwa unafanya kazi yako. Ukifanya vingine, baba yako atakula nini?"

Nilisema ndiyo, citoyen. Nilisema mara mbili. Najichukia kwa ile ya pili.

Meza ya Mama Zaina anaitaka dada wa mke wa Mkurugenzi. Mwalimu aliniambia. Iko pembeni, karibu na mlango wa soko, ndiyo nzuri kuliko zote.

Jumamosi, 21 Juni

Nilikwenda na nia ya kuwaambia basi, tuache masomo. Nilikuwa nimepanga maneno.

Mama Kabedi alinionyesha kopo la kokoto. Zito. Alikuwa amekasirika kweli, si na mimi, na mkono wake mwenyewe. Wiki nzima amepanga bei upya. Akasema hili ni gunia la kwanza tangu azae kitinda mimba ambalo limeisha naye anajua limekwenda wapi.

Sikusema yale maneno niliyopanga. Nilifundisha maswali ya mtihani, kwa sauti yangu ya kawaida. Sikunong'ona. Hasara ni nini, faida ni nini, kitabu kinataka ujibu vipi kuhusu matabishi. "Mkiulizwa, semeni hasara. Ni jibu la mtihani tu. Nyumbani fanyeni mnavyojua." Wakarudia wote: hasara. Mama Zaina alifagia tu.

Jumatano, 25 Juni

Silali. Nimehesabu mambo wanayoweza kunifanya. Ni mengi. Nimefikiri pia Mkurugenzi hawezi kunifanya jambo lolote ambalo hajalifanya tayari. Ameshanifanya niwe mtu anayesema ndiyo mara mbili.

Ijumaa, 27 Juni

Nimelifanya.

Mkaguzi alitoka mji mkuu kwa ndege ya asubuhi. Walimchukua kwenye uwanja wa ndege wa Luano wakamleta moja kwa moja. Mtu mchovu, koti lake la Chama limekunjamana. Alikaa mbele ya viti. Wanawake walikuwa nje ya geti, hawana fagio leo. Mkurugenzi alinipa karatasi.

Nilisoma jina la kwanza. Hakuna mtu. La pili. Hakuna. La tatu alikuwa yule shemeji. La nne, hakuna; hata wale vijana wawili hawakuja. Nilisoma yote mpaka mwisho, taratibu, nikingoja baada ya kila jina kama inavyotakiwa. Mkaguzi alianza kutazama saa yake.

Kisha nikaikunja karatasi. Nikainua kichwa kuelekea getini na kuita kwa nguvu zangu zote: "Mama Kabedi, muuza unga!"

Sikuwa na karatasi. Niliwaita kwa kichwa, mmoja mmoja, kila mtu na kitu anachouza. Sauti yangu haikuwa yangu. Mlinzi aliwapisha. Nadhani alikuwa amechoka kusimama upande ule.

Mkurugenzi alinishika mkono. Mkaguzi akauliza kuna nini. Nilimjibu kwa Kifaransa kizuri kuliko nilichowahi kusema maishani: tangazo la ofisi, lililobandikwa mlangoni, linasema mtihani uko wazi kwa kila mwenye meza sokoni. Aliinuka, akatoka kulisoma. Akarudi. Akasema wakae. Aliuliza nani atatafsiri. Nikasema mimi.

Viti vilijaa. Wengine walisimama.

Waliulizwa mmoja mmoja. Walijibu. Mama Kabedi alijibu wa kwanza. Matabishi? Hasara. Matabishi? Hasara. Wote. Nilitafsiri moja moja.

Mama Zaina akawa wa mwisho. Alijibu yote kama anayekata kitunguu. Likaja swali lile.

"Matabishi haiko hasara," alisema. "Kama sipane, kesho nitauzia nani?"

Nilisimama na tafsiri mdomoni. Ningeweza kusema neno jingine. Mkaguzi hajui Kiswahili chetu. Mama Zaina alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana.

Nikatafsiri alivyosema.

Mkaguzi alimpa nafasi tena. Kitabu kinasema nini, mama? Akajibu: "Kitabu haiuzi samaki."

Nilimfuata nje. Nilikuwa na hasira, nikamfokea mbele ya wenzake. Nilimwambia jibu alikuwa analijua. Nilimwambia atanyang'anywa meza yake.

"Ndiyo nilikuwa najua," alisema. "Sikupenda kuisema. Shiye wote tuseme hasara, kesho banaandika ku sheria: asiyeiacha, afungwe. Muntu moja alipaswa kukatala."

Akaweka mkono begani kwangu. Mkono ulinuka samaki. "We ulikuwa naogopa, na uliita majina. Mie siogope, nifanye kidogo kuliko we?"

Jumatatu, 30 Juni

Matokeo yamebandikwa. Nimechapa mimi. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho.

Wamefaulu wote isipokuwa Mama Zaina, kwa swali lile moja, na yule shemeji.

Barua ya kufukuzwa ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa Mkurugenzi mwenyewe. Utovu wa nidhamu. Ametumia Kifaransa kibaya, kosa katika mstari wa pili. Nilichukua kalamu, nikalisahihisha mbele yake, nikamrudishia nakala yake. Mwalimu alitoka darasani kunipa mkono, mlango ukiwa wazi.

Baba. Nilimwambia yote mara moja. Alikaa. Aliuliza niliwaita kwa majina yao? Ndiyo. Kwa sauti? Ndiyo. Akainuka, akafungua mlango wa barabarani, akaniita nije kula. Aliniita Sesilia. Mume wa jirani alikuwa palepale nje na viatu vyake. Baba aliniita tena.

Jumanne, 1 Julai

Meza ya pembeni imechukuliwa asubuhi. Dada wa mke wa Mkurugenzi alikuja na polisi wa soko na mizani mpya. Mama Zaina alijifungia magunia yake mwenyewe, hakumruhusu mtu amsaidie. Nilikuwepo. Sikuondoka.

Jumamosi, 5 Julai

Baridi leo. Anga safi, moshi wa kiwanda unapanda wima.

Baada ya salongo, walipomaliza kufagia soko, Mama Kabedi alishika meza yake na kuisogeza kiasi cha kiganja kimoja. Anayefuata naye akasogeza kiganja. Na mwingine. Safu nzima ya samaki na unga, meza baada ya meza, bila mtu kutoa amri. Walipofika mwisho kulikuwa na nafasi katikati, upana wa meza moja. Haiko kwenye karatasi ya mtu yeyote.

"Matabishi," alisema Mama Kabedi, akapangusa mikono.

Mama Zaina alitazama pale kwa muda. Alitandika gunia lake.

Kulibaki nafasi ya kigoda kando yake. Ni yangu. Nasoma barua za watu na kuwaandikia majibu. Kwa wale wanaotaka mtihani wa mwaka kesho, nina kijiti, na chini kuna vumbi la kutosha. Samaki nalipwa, na unga. Wadogo zangu watarudi shuleni shule zikifunguliwa. Si wote labda. Watarudi.

Mwanzoni nilikuomba ufunge daftari hili. Naacha maneno yale yalivyo, lakini usiyafuate tena. Ukitaka kunipata, usiende ofisini. Ingia sokoni kwa mlango mkubwa, ipite ile meza ya pembeni yenye mizani mpya, usinunue hapo. Fuata harufu ya samaki wa Kilwa. Utakapoona meza mbili zimeachana kuliko nyingine, na gunia katikati, uliza Ngoie, au uliza Sesilia. Sema kwa sauti. Wataniita.